Yaliyo Ndani ya Kiti cha Mama Yako

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Soko.
Jumamosi, tarehe 4 Mei.

Mpendwa mpwa wangu Vifungo,

Nimekukosea. Nimemkosea na mama yako, dada yangu wa tumbo moja. Najua barua huanza na salamu, hata mwalimu wetu wa darasa la nne alituchapa kwa hilo, lakini najijua. Nikianza na salamu leo, nitasalimia mpaka karatasi iishe.

Sasa salamu. Hujambo? Mwili unasemaje? Kile kikohozi kimekwisha au bado kinakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku tu wazima. Mama yako macho ni yale yale, anaona mwanga na umbo la mtu, herufi ndizo zimemkimbia kabisa. Wiki hii hayupo nyumbani, amekwenda kwa binamu yako aliyejifungua, atarudi Ijumaa ijayo jioni. Mtoto ni wa kike, na wanasema ana sauti ya mnadi wa sokoni.

Mimi mwili hauna neno. Kinachoumwa ni kingine, ndicho ninachokuandikia.

Barua hii naiandika kwa mkono, hapa kwenye meza ya kukatia vitambaa. Binti wa duka la kompyuta ataipiga picha akutumie, uikute Jumatatu, hiyo siku yenu ya kufua mashati na kusoma barua. Sikutaka kuipiga kwenye mashine. Kwenye mashine nimeshakosa vya kutosha.

Unakumbuka tulivyopanga ulipoondoka Januari kwenda misheni. Wewe utaandika kila Jumatatu, mimi nitakwenda dukani nichapiwe barua kwenye karatasi, jioni nimsomee mama yako. Yeye atasema ya kwake, mimi nitayapiga na kuyatuma. Alinishika mkono mbele yako akasema, "Mdogo wangu, basi wewe ndiye macho yangu na ndiye kalamu yangu." Nikamjibu asiwe na wasiwasi.

Barua ya kwanza niliisoma vizuri mpaka katikati. Ulieleza mnavyoamka saa kumi na mbili na nusu, mnasoma maandiko, mnapiga pasi, saa nne mko barabarani. Mnavyotembea wawili wawili bila kuachana, hata mwenzako akienda kunyolewa wewe unakaa kwenye benchi kama mkoba wake. Mama yako alicheka. Alicheka zaidi pale unapoitwa Mzee, kama kila mhubiri wenu. "Mzee wa wapi, na juzi tu nilikuwa namfunga kamba za viatu." Halafu nikafika pale mlipobisha mlango, mama mmoja akafungua dirisha la juu akawamwagia beseni zima la maji. Uliandika mlilowa mpaka soksi. Ukaandika tena kwamba mlicheka mpaka mwenzako akakaa chini barabarani, na jioni mlipopita tena yule mama aliwaita mwenyewe, akawapa taulo na chai ya moto.

Mimi nilisoma maji. Taulo sikulisoma.

Sikuwa nimepanga. Jicho liliuona mstari, mdomo ukauruka. Mama yako akasema polepole, "Wamemlowesha mwanangu." Na mimi, sitaki kukuficha, nikasikia raha. Maana tangu uondoke ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu mwingine naye anataka urudi.

Nikueleze kilichokuwa ndani yangu, si kwa kujitetea. Kile kibao cha mbele, MJOMBA NA MPWA, rangi yake haijakauka vizuri ukaja kuniambia unakwenda kuhubiri miaka miwili nchi za watu. Mimi sina mtoto. Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka tisa, nikakupa nyundo ndogo ili uache kulia, na ulipofika miaka kumi na tano ulikuwa unafunga vifungo vya kochi vizuri kuliko mimi niliyekufundisha. Wateja wakiingia wanamwulizia Vifungo, si mimi. Nikawa nimeshayapanga maisha yako yote mpaka mwisho, wewe mwenyewe hujaulizwa. Ulipoondoka, kila anayesoma kibao anauliza mpwa yuko wapi. Mwenye duka la misumari akaanza kuniita Mjomba na Hewa. Nilikuwa nacheka naye, halafu nageuka ndani naona kigoda chako.

Wiki ya pili nikaruka tena, safari hii kwa kusudi. Nikajiambia huu si uongo, maana sijaongeza hata neno. Fundi akipunguza kitambaa hajaharibu, amepunguza tu. Lakini wewe fundi mwenzangu unajua: ukipunguza upande mmoja kila siku, mwisho kochi zima linalala upande.

Uliandika soli imetoboka ukakata boksi ukatia ndani ya kiatu. Nikasoma tundu na boksi. Kwamba mshona viatu wa chini ya ngazi aliwatilia soli bila kutaka kitu, na sasa mnakwenda kwake kila Alhamisi kumsomea maandiko, hilo nililimeza. Uliandika mwenzako anakoroma kama jenereta na anatia chumvi hata kwenye uji. Nikayasoma yote mawili, tena kwa sauti nzuri. Kwamba ulipoumwa alikaa nawe kutwa nzima akikukanda kwa kitambaa cha moto na kukuimbia vibaya, hapo nikakohoa, nikafunua ukurasa. Mama yako akadhani umefungiwa nyumba moja na adui.

Kuna moja bado inanichoma. Februari uliandika habari za bibi wa ghorofa ya nne asiyeweza kutoka nje, ambaye kiti chake kilikuwa kimezama mpaka akikaa haoni kitu ila ukuta. Ukaandika mlivyopanda na kamba, ukakipindua kiti, ukazifunga springi kwa kamba pande zote nane kama nilivyokufundisha, na bibi alipokaa akasema, naona barabara. Chini yake uliandika: "Mwambie Mjomba kamba haikulegea. Nilipovuta fundo la mwisho nilimsikia akisema bado, vuta tena." Mpwa wangu, hizo zilikuwa salamu zangu mimi. Nikaziruka hata hizo. Niliona kijana mwenye furaha ya namna hiyo hawezi kurudi.

Hayo ni ya barua zako. Ya mama yako ni mabaya zaidi.

Yeye akianza kusema ya kukuandikia hasemi kidogo. Anakaa, anafunga macho, anasema na wewe kama uko jikoni. Mimi naitikia, ndiyo Dada, nimeandika Dada. Kesho yake nikifika dukani napiga kwa vidole viwili: Mama yako anakusalimu. Yu mzima. Tuombeane. Basi. Wiki kumi na saba umepokea maneno hayo hayo.

Ya kweli ninayo kichwani. Ngoja nikurudishie machache, ni mali yako.

Tangu uondoke mama yako haachi mlango wake ubishwe mara mbili. Awe nani, anafungua. Ndani sasa kuna miche kumi na mmoja ya sabuni, vitana sita, na kopo la dawa ya mende, na nyumba ile haijawahi kuwa na mende. Muuza sabuni akiingia mtaani anaanzia kwake, anakaa, anakunywa maji, anaeleza matatizo ya mkwe wake. Nilimwambia, "Dada, mwisho utauziwa hata huo mlango wenyewe." Akasema, "Na hilo liandike. Mwambie mwanangu kila anapobisha huko, mimi huku nafungua. Ipo siku milango hiyo itakutana."

Sikuandika.

Wiki nyingine alisema: "Mwambie asifikirie kurudi kwa ajili yangu. Nilimtoa kwa moyo mmoja, na mkono uliotoa hauogopi." Hilo hata kumaliza kulisikia nilishindwa, nikasema naenda kuangalia chai.

Ndiyo maana ukaanza kuuliza. Machi uliandika, "Mama, nimekosa nini? Mbona unaniandikia kama mtu anayejaza fomu?" Nikaruka. Naye upande wake akaanza kuuliza.

"Hakunitaja?"

"Amebanwa, Dada."

"Hata Mungu hamtaji. Alikwenda kwa ajili ya Mungu, mbona anaandika mvua tu?"

Nilimwambia vijana ndivyo walivyo. Siku ya pili yake nikamkuta hajala. Alikuwa ameanza kufunga kila Jumatano ili imani yako isizimike. Imani yako ilikuwa haijazimika. Ilikuwa mfukoni mwangu, imekunjwa mara nne.

Mwezi huo huo akaniambia nimwachie karatasi zako, mwalimu jirani atamsomea akipata nafasi. Nikababaika. Nikasema gundi imemwagika karakanani, zimeharibika zote. Kuzichoma kweli nilishindwa. Nilizishika juu ya moto wa kuyeyushia gundi, mkono ukakataa. Sasa kiti chake kilikuwa kimeletwa kwangu kubadilishwa sponji. Nikazitia humo, barua kumi, katikati ya sponji na mbao, nikapiga stepla, nikavalisha kitambaa kipya. Akakisifu. Kila Jumatatu anakalia kiti hicho ananisikiliza nikikusoma, na wewe mwenyewe uko chini yake. Saba za baadaye ziko hapa kwenye sanduku langu la vifaa, chini ya koleo.

Jumatatu iliyopita ndipo mambo yalipofika. Uliandika kwamba kama mama yako ana kinyongo na safari hii, huoni faida ya kuwafariji mama za watu. Kwamba siku ya simu, Jumapili tarehe 12, utamwuliza mwenyewe, na ukimsikia baridi utamwomba rais wenu wa misheni akurudishe. Hilo sikulisoma. Nilisoma baridi ya huko na ngazi. Mama yako akasikiliza, akapangusa kiti kwa kiganja, akasema, "Mwaka mzima wanaruhusiwa simu mbili tu. Hii ya kwanza nitamwambia arudi. Nimechoka kumsikia akinyeshewa."

Nilikuwa nimeshinda. Nyote wawili mlikuwa mnanirudishia nilichokitaka, kila mmoja akidhani anamwonea huruma mwenzake. Nikaenda nyumbani. Sikuwa hata na hamu ya chakula.

Jumatano wale vijana wawili wa kanisa lenu wanaohubiri mtaani kwetu wakapita karakanani. Ni wageni, mmoja mrefu kama ngazi, mwingine mfupi, mashati meupe na beji nyeusi kama yako. Mama yako huwafungulia kama anavyofungulia wengine, na kwa kuwa hawauzi sabuni anawapenda zaidi. Mimi unanijua, si mtu wa kanisa lenu wala la jirani, nilikuwa nawasalimia kwa mbali. Siku hiyo yule mrefu aliingia kinyumenyume.

"Mjomba, shikamoo. Suruali yangu imefungua mlango nyuma."

"Marahaba. Karibuni, pamoja na huo mlango."

Nikampa kipande cha kitambaa cha kochi cha maua ajifunge, akakaa juu ya gunia la usufi kama bibi harusi anayesubiri gari. Mfupi akatoa kijidaftari mfukoni akawa anaandika, anacheka peke yake.

"Unaandika nini?"

"Suruali. Kwa barua ya mama yangu, Jumatatu."

"Na leo ni Jumatano."

"Ndiyo, Mjomba. Jumatatu tuna saa moja tu ya kuandika nyumbani. Nikikaa pale bila daftari nasahau yote. Kwa hiyo kila siku namtafutia mama kitu kimoja. Kitu kizuri. Jana ilikuwa siku mbaya, hakuna mlango uliofunguka. Nikatafuta, nikatafuta, nikaona mbwa amelala ndani ya toroli ya mchanga. Nikampa mama huyo mbwa."

Mrefu akadakia, "Mama yake anasoma kwa sauti mezani, mara tatu. Baba yake anasema hasikilizi. Lakini anazima redio."

Sindano ilikuwa mkononi, imekwisha kuingia upande mmoja wa kitambaa. Niliiacha pale pale. Wakadhani nimejichoma.

Nilikuwa nafikiria taulo. Kumbe nawe ulilitafuta. Ulilowa, ukatembea na soksi za maji, ukaangalia siku nzima ni kitu gani cha kumpelekea mama yako, ukapata taulo na kikombe cha chai, ukavitunza mpaka Jumatatu. Ukanipa mimi nikufikishie. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi ninayebeba usufi kila siku, ndimi niliyepaswa kujua kwamba nao una uzito.

Nikamaliza suruali, mshono mara mbili. Mrefu akataka kulipa kwa kufagia, nikamwambia afagie. Walipoondoka nikakaa kwenye kigoda chako, nikatoa zile barua saba nikazisoma kama ulivyoziandika. Ndiyo mara ya kwanza kuzisoma bila kuwinda cha kuficha. Wewe una raha huko, mpwa wangu. Unachoka, unanyeshewa, na una raha. Sikutaka kulijua hilo.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Usimwandikie rais wenu Jumatatu hii. Subiri simu. Ukitaka kurudi baada ya hapo, rudi kwa sababu yako mwenyewe. Kunisamehe sikuombi leo. Kwanza uisikie sauti ya mama yako, halafu utapima.

Kibao nimekiacha mahali pake. Ukimaliza miaka yako miwili, nyundo yako ipo, nimeipaka mafuta isishike kutu. Na ukichagua njia nyingine, mchora vibao bado yuko kona ile ile, kufuta neno moja hakumchukui nusu saa.

Nisalimie huyo mwenzako anayekoroma. Mwambie chumvi apunguze, ila kwa kule kukukanda mimi nina deni lake. Nisalimie mshona viatu, fundi kwa fundi. Bibi wa ghorofa ya nne mwambie springi zikianza kulia, ni kamba ya kati ndiyo inayotaka kukazwa, si za pembeni. Huku mwalimu jirani anakusalimu, binamu yako na mtoto wake wanakusalimu, na muuza sabuni, ambaye hujawahi kumwona, anakuulizia kila wiki kama ndugu yake. Mungu wako akulinde ngazini na barabarani, na kila beseni linaloinuliwa dirishani aligeuze upande mwingine.

Na hii ndiyo ahadi yangu, ishike uje unidai. Jumamosi tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi, mama yako akiwa amekwisha kunywa chai, nitaingia kwake na sanduku la vifaa. Nitamwambia kwanza kwa mdomo wangu nilichofanya, kabla hajaketi. Kisha nitakipindua kile kiti mbele yake, nitang'oa stepla moja moja, nizitoe zile kumi nizichanganye na saba hizi. Mwalimu jirani nimeshamwambia, na sababu nimeshamwambia. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa, lakini amekubali kuja. Atakaa kulia kwangu na kidole chake kwenye mstari, nami nitasoma kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi na saba, siruki hata mkoromo. Tukimaliza, mama yako atasema ya kwake, na mwalimu ndiye atakayeandika. Simu yako ikilia Jumapili, mama yako atakuwa anajua habari za taulo.

Ni mimi ninayekupenda, na niliyekuibia,
Mjomba wako.